Mjomba wangu alikuwa dago Mocímboa, kimya tangu 2020. Anatafutwa vipi mtu kama huyu bila ya kuitwa gaidi?

BintiKojani

Assalaam alaikum jamani. Naandika hapa kwa sababu nyumbani tushachoka kulizungumza, kula likianza bibi analia na likimalizika watu hawasemezani siku mbili.

Mjomba wangu ni mvuvi, mtu wa Kojani, Pemba, kama sie sote, na watu wa Kojani mnatujua, wanaume zetu wamelala dago, kambi za uvuvi za ugenini, kuliko walivyolala majumbani mwao. Yeye kula ikiingia kaskazi anashuka kusini, Mafia, Kilwa, Mtwara, na kuanzia 2014 hivi akawa anavuka mpaka Msumbiji, Palma kwanza halafu Mocímboa da Praia, anakaa miezi sita saba anarudi na kusi na pesa kidogo na ng'onda za papa bibi anagaia mtaa mzima. Akaoa huko huko, mke wa Kimwani, wana mtoto mmoja. Mara ya mwisho kuondoka hapa ni mwisho wa 2019. Vita vishaanza tokea 2017 na tulimwambia asende, akasema mke na mtoto wako kule atawaachia nani.

Mwezi wa tatu 2020 wale wapiganaji wa msituni wakaingia mjini Mocímboa, wakapandisha bendera yao, wakatoka. Baada ya siku mbili mjomba akapiga simu, walijificha mikokoni, wazima. Mama akamwambia chukua mkeo na mwanao mrudi, akasema vyombo vimezuiwa kutoka na barabarani hakupitiki. Akapiga tena mwezi wa sita, maneno mafupi tu, aliuliza bibi anaendeleaje na macho yake. Tarehe 27 mwezi ule ule mji ukashambuliwa tena. Mwezi wa nane wakauteka kabisa na bandari yake, wakakaa nao mwaka mzima mpaka Wanyarwanda walipoingia Agosti 2021. Tokea ile simu ya Juni hatujasikia sauti yake, zaidi ya miaka mitano sasa.

Swali la kwanza, bibi anataka tumsomee hitima, anasema mwanangu asije akakaa huko hana hata mtu wa kumuombea. Ami yangu mkubwa anakataa, anasema hasomewi hitima mtu ambaye hatujui kama kafa, mtakuwa mnamuua nyie kwa midomo yenu.

La pili ndo linaloninyima usingizi. 2021 ilipita picha whatsapp, maiti wamelazwa mstari kando ya barabara, chini pameandikwa ni magaidi walouliwa na jeshi. Mmoja kafunga kikoi cha manjano chenye ukingo mweusi, uso hauonekani. Mjomba alikuwa na kikoi kama kile. Najua kikoi kama kile wako watu elfu wanacho, nimejiambia hivyo mara nyingi, lakini mama aliiona ile picha na tokea siku ile hajasema tena neno "akirudi".

Hatukuripoti pahala popote. Babu, Mungu amrehemu, alikataa kabisa, mana mwaka ule ukisema una mtu wako Msumbiji unaulizwa alifuata nini, alikuwa akisali msikiti gani, nani alomchukua. Mtaa wa pili yake kuna kijana aliitwa akahojiwa kwa kuwa na namba ya Msumbiji kwenye simu yake, basi. Kwa hiyo mjomba amekuwa mtu ambaye hatumtaji mbele ya wageni. Nyumba nyengine mtu akipotea baharini watu wanakuja kukaa na wewe, sie tunafunga mlango. Na hana kosa mie ninalolijua isipokuwa kuvua.

Mtu wa namna hii anatafutwa vipi? Na kuna yoyote humu alorudi kutoka kule?

---

Mpitanjia

Dada mie ningefuta huu uzi. Watu wanasoma humu. Pole lakini.

---

NahodhaMzee

Waalaikum salaam mwanangu. Usifute. Mie naandika pole pole mjukuu ndo kanifundisha, mtanivumilia.

Nilikuwa Mocímboa usiku ule wa tarehe 5 Oktoba 2017. Tulikuwa tumelala mchangani, mashua mbili za Kojani na moja ya Nungwi. Usiku mkubwa tukasikia risasi upande wa kituo cha polisi, tukadhani polisi wanafukuzana na wezi. Kulipokucha ndo tukaambiwa ni vijana, na mie kilichonistaajabisha ni kuwa wengi wao wanajulikana kwa majina, fulani bin fulani, mchuuzi wa sokoni, mmoja nilikuwa nikinunua mkaa kwake. Watu wa mji wenyewe ndo waliwaita mashababi. Wazee wa misikiti ya pale walikwisha kwenda kuwashitaki serikalini kabla ya hapo, mana walikuwa wakiingia msikitini na viatu na silaha mkononi, wanawaambia watu msisomeshe watoto skuli ya serikali. Hawakusikilizwa. Kisha baada ya siku ile serikali ikakamata watu ovyo, mwenye kanzu mwenye kofia mwenye ndevu, na misikiti mengine ikafungwa. Basi yule kijana alokuwa hana upande akakuta kashaekewa upande.

Nakueleza mvuvi alivyobanwa ili uelewe mjomba wako alikuwa wapi. Wale wa msituni wakitaka chombo wanachukua chako, na mara nyengine wanakuchukua na wewe mana wao hawaijui bahari. Ukirudi huna chombo, askari wanakuuliza umewapa nani. Ukirudi na chombo chako, wanakuuliza vipi wewe hawakukuchukulia. Hakuna jibu la kumtoa mtu hapo. Usiku huvui mana ukiwasha taa unapigwa, mchana huvui mana umezuiwa, na wale watoto wanataka kula. Nimewaona mabaharia wazima, watu walokwenda kwenye mawimbi ya kusi hawana khofu, wanatetemeka kwa kusikia mashine ya boti tu inakuja.

Mie nilitoka na kusi ya 2018. Chombo chetu tulikwenda kumi na moja tukarudi tisa, wawili walibaki kwa ajili ya wake zao. Mmoja katika hao wawili nnafikiri namjua ni nani wako, lakini sitoandika jina. Nitumie inboksi uniambie alikuwa chombo cha nani.

Na jengine. Oktoba 2020 watu wa Macomia na Quissanga na visiwani walikimbia kwa mashua mpaka mji wa Pemba, ile Pemba ya Msumbiji, wakashukia pwani ya Paquitequete, watu maelfu ndani ya wiki chache, wamekaa mchangani na magodoro na kuku wao. Chombo kimoja kilizama kati ya Ibo na Matemo. Ile bahari naijua, si kina kirefu, lakini mkondo wake, kama chombo kimejaa kupita kiasi, haukusamehe. Kama mjomba wako alitoka Mocímboa kwa chombo basi alielekea huko. Wewe umeuliza watu wa Mtwara labda, umewahi kuuliza Pemba yao?

---

KijanaWaNgambo

Pole sana dada na shikamoo mzee nahodha. Mie niko Unguja sina mtu kule lakini hii habari nimeifatilia miaka na inaniuma kwa sababu kula ukitajwa mkoa huo wa Cabo Delgado utasikia ugaidi ugaidi na hakuna anayeanza pale kulikoanza. Wavuvi wa Afungi, karibu na Palma, walihamishwa pwani wakajengewa Quitunda mbali na bahari ili mradi wa gesi wa Total wa dola bilioni 20 upate nafasi, mvuvi umempa nyumba ya bati na umemnyang'anya bahari ataishi vipi. Kule Montepuez wachimbaji wadogo wa rubi walifukuzwa kwa virungu mwanzo wa 2017, wengi ni Watanzania wenzetu, na mwaka huo huo mwezi wa kumi ndo risasi za mwanzo zikalia. Sisemi hii ndo sababu pekee ila ukimfukuza kijana kwenye shimo na kwenye bahari atakwenda wapi.

Halafu wakaja wageni wa kutia silaha. 2019 mamluki wa Wagner wa Urusi wakaja wakapigwa wakaondoka baada ya miezi michache tu. Wakaja mamluki wa Afrika Kusini na helikopta, wanaitwa DAG, na Amnesty, shirika la haki za binaadamu, Machi 2021 walitoa ripoti kuwa pande zote tatu zimeua raia, mashababi na jeshi la serikali na hao DAG, kwamba helikopta zilikuwa zinapiga tu chini bila ya kutizama nani ni nani. Sasa fikiria mtu uko juu kule unaangalia watu wanakimbia mikokoni, utamjua vipi mvuvi wa Kojani? Palma Machi 2021 watu walojificha hoteli ya Amarula walosalimika walisema wakandarasi wazungu walitolewa kwanza kwa helikopta na weusi wakaachwa nyuma, kampuni ikakataa, lakini walokuwepo ndo waliosema. Kisha Rwanda na SADC Julai 2021, na Umoja wa Ulaya ukalilipia jeshi la Rwanda euro milioni 20 mwaka 2022 na nyengine 20 mwaka 2024. Pesa ya kulinda imepatikana, ya kuwatafuta walopotea je?

Na hiyo picha yako dada. Mie nakwambia kitu kimoja. 29 Agosti 2021 Kabul, Marekani wanaondoka, wakapiga gari kwa droni wakasema wameua gaidi alokuwa anakwenda kuripua uwanja wa ndege. Watu 10 walikufa, 7 ni watoto. Baada ya wiki tatu ndo wakakiri kuwa yule baba alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada na mizigo ilokuwa garini ni madumu ya maji, na walikiri kwa sababu waandishi walikwenda mpaka nyumbani kwake wakahesabu wakauliza. Hakuna askari hata mmoja alopewa adhabu. Bila ya wale waandishi yule baba angekuwa gaidi kwenye makaratasi mpaka kiama. Sasa nani kaenda kwenye ile barabara ya kwenye picha yako? Hakuna. Alokufa kaandikwa na alomuua.

Na hii kwetu si mpya. 27 Agosti 1896 Waingereza walipiga mizinga hapa Mjini chini ya saa moja, tunasoma watu kama 500 walikufa na kujeruhiwa, baharia wao mmoja tu ndo alijeruhiwa. Sayyid Khalid alokuwa amekalia kiti cha usultani jina lake tunalijua. Nitajie jina la mmoja katika wale mia tano.

---

BiMkubwaMalindi

Mwanangu wa Ng'ambo nimekusoma mpaka mwisho na mengi usemayo ni kweli, lakini na mie nisikilize.

Mwaka 1998 nilikuwa Dar kwa kazi, nikikaa na dada yangu. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti asubuhi dada alikuwa kwenye daladala karibu na ubalozi wa Marekani, si ubalozini, yupo njiani anakwenda zake. Hajafa, alhamdulillah, ila jicho moja lilitoka kwa kioo na sikio la upande ule halisikii mpaka leo. Siku ile Dar walikufa watu 11, Mmarekani hata mmoja hakuwemo. Nairobi walikufa 213, Wamarekani 12, walobaki karibu wote ni Waafrika walokuwa kwenye shughuli zao, na wengi walipofuka kwa sababu walisikia kishindo cha mwanzo wakasogea madirishani kutizama kuna nini, ndo bomu lenyewe likaripuka. Dada alikuwa akinambia kila mara, mie na Marekani wapi na wapi?

Na tulipokuja kusikia majina ya walohusika tukakuta wamo watoto wa Zanzibar hii. Wawili wamefungwa maisha kule Marekani, mmoja 2001 na mwengine 2011. Nyie wadogo hamjui ile aibu. Mtu ukisema watoka Visiwani, watu wanakutizama mara ya pili. Mie nilikuwa nauguza dada yangu alotolewa jicho na bomu na jirani hapo hapo ananiuliza nyie kwenu huko mnafundishana nini. Kwa hiyo BintiKojani najua kwa nini babu yako alifunga mlango. Simlaumu.

Baada ya wiki mbili Marekani wakalipiza, makombora kwa Afghanistan na kwa Sudan, na ile ya Sudan ilikuwa kiwanda cha dawa, Al-Shifa, Khartoum, kilokuwa kikitoa sehemu kubwa ya dawa za nchi ile. Watu walinambia furahi, wamelipiziwa. Nikasema jicho la dada yangu litarudi kwa mtoto wa Sudan kukosa dawa ya malaria? Sikufurahi na mpaka leo sijafurahi.

Lakini nataka useme na hili mwanangu, kwa ule ule mdomo. Aprili 2020 kijiji cha Xitaxi, wilaya ya Muidumbe, wale mashababi waliwataka vijana wajiunge nao, wakakataa, wakawaua 52. Hawa hawakuuliwa na kampuni ya gesi. Waliuliwa na vijana wenzao, kwa panga na kwa risasi, kwa sababu walisema hapana. Na wale walokata vichwa vya watoto wadogo mbele ya mama zao, walikuwa wanajua wanachokifanya. Umasikini tumeuona sote, Pemba ya miaka ya sitini na sabini watu walikula mizizi na hawakuchinjana. Usinambie tu gesi.

---

KijanaWaNgambo

Shikamoo bi mkubwa na pole kwa dada yako, wallahi sikujua. Hilo la Xitaxi nimelikubali na nilikosea kuliruka, sikukusudia kuwasafisha. Hasira yangu ni kuwa wale 52 angalau polisi wa kule waliwatangaza, walopigwa kutoka juu hawatangazwi na mtu. Lakini uliyosema ni haki.

---

MtuWaMtwara

Habari za jioni wadau, mimi niko Mtwara, nimekaa mpakani muda mrefu na nimefanya kazi ya kujitolea na waliokimbia. Nitasema machache yenye msaada.

Kwanza dada ujue mwaka wa 2020 na 2021 huku palikuwa pagumu sana. Oktoba 2020 hao mashababi walivuka mto Ruvuma wakaingia Kitaya, kijiji cha kwetu, wakachoma na kuua. Baada ya hapo kila anayevuka mto akawa anatazamwa kwa jicho hilo. Palma ilipopigwa Machi 2021 watu walivuka na watoto mgongoni, wengine ni ndugu wa damu na watu wa huku, Wamakonde huku Wamakonde kule, na maelfu walirudishwa kupitia mpaka wa Negomano, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walisema wazi kuwa si sahihi. Mimi niliwaona. Mama mmoja alinipa namba ya mume wake iliyoandikwa kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto. Kwa hiyo mtu kutokuonekana upande wa Tanzania haina maana amekufa, huenda alifika akarudishwa, na akirudishwa Negomano anapelekwa ndani, Mueda, Montepuez, hata Nampula, mbali na pwani na mbali na simu.

Pili, kuna waliochukuliwa msituni kwa nguvu, hasa wanaojua vyombo. Wapo waliotoka baada ya miaka. Simpi mtu tumaini la uongo, nasema wapo.

Tatu ndiyo muhimu. Nenda Msalaba Mwekundu. Wana kazi maalum ya kutafuta ndugu waliopotezana kwa sababu ya vita, ni bure, na wenzao wako Cabo Delgado wanapita kwenye kambi wakiwa na majina. Wanachouliza ni jina lake na la baba na mama yake, alikozaliwa, alionekana wapi mara ya mwisho, alama ya mwilini. Hawaulizi alikuwa upande gani na taarifa zako hawampi polisi, ndiyo utaratibu wao duniani kote, la sivyo hakuna ambaye angewaamini. Mimi nimeona mama amempata mwanawe Montepuez kwa njia hiyo baada ya mwaka na nusu. Nimeona pia walioambiwa hakuna jibu mpaka leo.

Andika na jina la mke na la mtoto. Mara nyingi anapatikana mtoto kwanza kwa sababu wameandikishwa shule. Na fanya haraka maana watu wanahamahama, mwaka wa 2025 mwezi wa saba Chiúre walikimbia zaidi ya 40,000 kwa siku chache, mtu uliyemkuta kambi hii wiki ijayo yuko kwingine. Kuna wakati waliokimbia jumla walikaribia milioni moja, na waliouawa tangu 2017 wanahesabiwa zaidi ya 6,000, lakini hao ni wale waliopata mtu wa kuwahesabu.

---

MaalimuChake

Bismillah. Nijibu lile la hitima mana wengine mmeshalijibu la kumtafuta.

Mjomba wako kwa lugha ya fiqhi ni mafkudi, mtu aloghibu na haijulikani yu hai au kafa. Asili yake ni kuwa yu hai mpaka ithibitike vyengine. Kwa hiyo ami yako yuko sawa kwenye hukmu: msikae tanga, msimsalie sala ya ghaibu mana hiyo ni ya mtu alothibiti kufa, na mali yake kama anayo, mkarafuu au kiwanja, isigawiwe mpaka kadhi aamue. Na kuhusu mkewe, wanavyuoni wamekhitalifiana. Imepokewa kwa Sayyidna Umar na ndo kauli ya Imam Malik kuwa angoje miaka minne kisha akae eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi. Kauli mpya ya Imam Shafi ni angoje mpaka apate yakini. Hilo ni la kadhi na mwanamke mwenyewe yuko mbali, mliwache.

Lakini bibi yako naye yuko sawa. Kusoma Qur'ani na kumuombea mtu dua hakungoji mtu afe. Kaeni msome, mumalize juzuu zote thalathini mkitaka, na dua iwe hivi: ewe Mola kama yu hai mlinde umrejeshe, na kama keshatangulia umrehemu na umkubali katika mashahidi. Mtu alodhulumiwa akauliwa, tunamtarajia shahada, na Mwenyezi Mungu hamjui mja wake kwa maneno yalioandikwa chini ya picha.

Nakuombeni jambo moja. Hapa kwetu kuna nyumba ngapi zina mtu kama huyu na zimefunga mlango? Mie peke yangu nazijua tatu, Micheweni hadi Kojani. Hatuwasomei kwa sababu tunaogopa kuulizwa kwa nini tunawasomea. Masheikh wetu wenyewe wa Uamsho wamekaa ndani miaka chini ya sheria ya ugaidi, 2021 mashtaka yakafutwa wakarudi majumbani, na katika miaka ile watoto wao waliitwa watoto wa magaidi skuli. Kwa hiyo khofu naielewa. Lakini mama kuficha jina la mwanawe alompoteza, hilo ni jambo zito, tusilizoee.

---

BintiKojani

Nimechelewa kurudi nisameheni, wiki tatu zimepita. Nawashukuruni nyote, na wewe uloniambia nifute nakushukuru pia, najua ulikuwa unanitakia kheri.

Babu nahodha, tuliyozungumza inboksi nimemwambia mama. Kuwa ule mwaka 2018 alochelewa kurudi, mjomba alikataa kupanda kile chombo kwa sababu mtoto alikuwa na homa siku ile, hili hatukuwa tunalijua. Miaka yote hii mama alikuwa akimkasirikia, akisema kaka yangu kachagua pesa. Mama alikwenda kukaa nje peke yake mpaka magharibi. Shikamoo tena babu.

Tumesoma Ijumaa ilopita. Hatukuita hitima, tumeita dua. Bibi aliwaita majirani mwenyewe, kwa jina lake, aliwaambia ni dua ya mwanangu alopotea Msumbiji kwenye vita, mlango uko wazi. Nilidhani hawatokuja. Walikuja mpaka tukakosa mikeka tukatandika makuti. Yule mama wa kijana alohojiwa alikuja pia, na alipokuwa anatoka akamshika bibi mkono akasema na mie nina wangu, sikujua kama inafaa kumsomea.

Kisha nikapanda boti kwenda Unguja nikenda Msalaba Mwekundu. Nilikuwa nimevaa nguo nzuri na nimejitayarisha kwa maswali, njia nzima nimejipanga nikiulizwa alifuata nini nitajibu hivi, nikiulizwa msikiti nitajibu hivi. Hawakuuliza. Kijana aloniandikia aliuliza jina, la baba, la mama, kapigwa picha lini, na kazi yake. Nikasema mvuvi. Akaandika mvuvi, akenda mstari unaofata.

Alama ya mwilini mie sikuijua. Nikampigia bibi pale pale. Haoni vizuri na masikio yamepungua lakini hili hata sikulirudia mara ya pili, akajibu mbio kama alikuwa anangoja miaka yote mtu amuulize: kovu la mwiba wa taa, yule samaki, mguu wa kushoto, juu kidogo ya kisigino, upande wa ndani, alichomwa ana miaka kumi na mbili na nilimkanda kwa maji ya moto mwenyewe usiku kucha mpaka maumivu yakashuka.

Kwa hiyo kama kuna yoyote atakayesoma hapa ana mtu wake Pemba ya Msumbiji, Paquitequete, au Metuge, Montepuez, Nampula, naomba muulize tu. Mvuvi wa Kojani, umri wake sasa kama arubaini na nane, mrefu, kovu la taa mguu wa kushoto upande wa ndani. Anaweza kuwa na mtoto wa kiume wa miaka kumi anayesema Kimwani. Huyo mtoto aliwahi kutuimbia kwenye simu akiwa mdogo, anajua kuhesabu kwa Kiswahili cha Kojani mpaka ishirini, kafundishwa na baba yake.